Ramani ya Mzee Lear: Kuisoma Tanzia ya Shakespeare Ukiwa Busia na Tororo

Mwanafunzi wa kidato cha tano mjini Tororo aliyechagua Fasihi ya Kiingereza hana njia ya kumkwepa Shakespeare. Karatasi ya tamthilia katika mtihani wa UACE imemtengea nafasi yake, na kutegemea mwaka, kijana atapangiwa King Lear, Othello, Macbeth au nyingine. Mwenzake wa Amagoro au Busia ya Kenya, ambaye huenda ni binamu yake wa damu, anaweza kumaliza kidato cha nne bila kufungua hata moja. Yeye miaka ya karibuni KCSE imempa Brecht na Ibsen kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili ikampa Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Vitabu ni tofauti, lakini namna ya kuvisoma ni ileile ng'ambo zote mbili. Kuna mwongozo, na mwongozo una vyumba vitatu visivyo na milango ya kupitia kwenda kingine: hapa msuko, pale wahusika na sifa zao, kule maudhui. Mwanafunzi wa King Lear hukariri kwamba Lear ana kiburi, kwamba Goneril na Regan ni wanafiki, kwamba Cordelia ni mkweli, na kwamba funzo la kitabu ni mzee asigawe mali kabla ya kufa. Nadai kwamba funzo hilo limo katika mwongozo na katika tamthilia halimo. King Lear inahusu namna ya kugawa, na anayeishi kwenye mpaka wa Kenya na Uganda ana ujuzi wa kuona jambo hilo ambao wasomaji wengi wa mbali hawana.

Kwa asiyeijua hadithi, ni hivi. Mfalme mzee wa Uingereza ya kale ameamua kupumzika. Analeta ramani mbele ya baraza, anasema ameigawa nchi mafungu matatu kwa binti zake watatu, kisha anawataka kila mmoja aseme anampenda baba yake kiasi gani, ili fungu kubwa liende kwa mwenye pendo kubwa. Goneril na Regan wanatoa maneno matamu. Cordelia, kitinda mimba na kipenzi cha baba, anasema anampenda kama wajibu wa mtoto unavyotaka na hana la kuongeza. Lear anamfukuza bila mahari, mfalme wa Ufaransa anamwoa hivyo hivyo, na fungu lake linagawanywa kwa wale wakubwa wawili. Kent, mtu mwaminifu wa mfalme, anafukuzwa kwa kumtetea. Baada ya muda mfupi binti hao wanamfungia baba yao mlango usiku wa dhoruba, naye anarukwa na akili. Cordelia anarudi na jeshi la Ufaransa kumwokoa, anashindwa vitani, ananyongwa gerezani, na baba anakufa akiwa amempakata.

Sasa turudi kwenye dakika za mwanzo kabisa, kabla Lear hajaingia jukwaani, kwa sababu hapo ndipo miongozo mingi hupita mbio. Kent anazungumza na kabaila Gloucester. Wanashangaa kwamba mfalme, aliyedhaniwa kumpendelea mkwe mmoja kuliko mwingine, ameyapima mafungu yao yakalingana kiasi kwamba hakuna wa kulalamika. Maana yake ni kwamba mgawanyo umekwisha kufanywa na wakubwa wa baraza wanaujua. Tena Goneril akimaliza tu kusema, Lear anamwonyesha fungu lake kwenye ramani, Regan akiwa hajafungua kinywa. Shindano la kweli lingesubiri washindani wote wasikike. Kwa hiyo hakuna jaribio la upendo hapa. Kuna sherehe ya kumsifu baba, na ardhi imewekwa juu ya meza ili sifa zipate bei. Hapo kosa la Lear linaonekana wazi: amechukua vitu viwili visivyopimwa kwa mizani moja, shamba na mapenzi ya mtoto, akavifanya malipo ya kila kimoja kwa kingine. Mtu akikuambia Lear ana kiburi, amekupa sifa ya mhusika. Ukiiona ramani na maneno vikibadilishana mikono, umeshika msuko, mhusika na maudhui kwa mkupuo mmoja. Aristotle, aliyeandika juu ya tanzia miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita, aliutanguliza mpangilio wa matendo kuliko tabia za watu, na kwa tamthilia hii naona alikuwa sahihi.

Kugawa ardhi mzazi akiwa hai si wazimu, na hili watu wa Busia hawahitaji kufundishwa na yeyote. Miongoni mwa Wasamia na Waluhya wengine, desturi imekuwa baba kumwonyesha kila mwana sehemu yake anapooa, naye mzee akabaki na shamba lake na boma lake, ambavyo mwishowe huwa vya kitinda mimba anayebaki nyumbani. Sheria ya Urithi ya Kenya nayo inajua kwamba wazazi hufanya hivyo: kifungu cha 42 kinataka alichopewa mtoto mzazi akiwa hai kihesabiwe katika fungu lake iwapo mzazi atakufa bila wasia. Ukimtazama Lear ukiwa na desturi hiyo akilini, unaona mambo mawili. La kwanza, hakujibakizia hata kipande. Alitoa nchi, kodi na amri, akabaki na jina la mfalme na askari mia moja wa kulishwa na wengine. La pili, alikuwa amepanga kukaa na kitinda mimba wake, anasema hivyo mwenyewe, na huyo ndiye aliyemfukuza kwa hasira ya dakika moja. Mpango uliobaki ni kuishi mwezi kwa binti mmoja na mwezi kwa mwingine, maana yake nyumbani kwa wakwe, akiwa na msafara. Katika jamii nyingi za huku, mzazi hakai wala kulala ovyo kwa mkwe wake. Msomaji wa Tororo anayekulia ndani ya heshima hiyo ataguna papo hapo, na kuguna kwake ni usomaji mzuri wa matini.

Mwanafunzi wa upande wa Kenya anayo njia yake ya kufika palepale. Katika Bembea ya Maisha, Sara na Yona ni wazazi waliozeeka, wana binti watatu, na Sara ni mgonjwa anayehitaji kutunzwa. Neema anagharimia matibabu ya mama yake, na mumewe Bunju anaona vigumu mama mkwe kulala kwake kwa sababu ya mila. Sisemi Arege alimwiga Shakespeare. Nasema binamu hawa wawili, mmoja na King Lear na mwingine na Bembea ya Maisha, wamepewa swali moja na mitihani miwili tofauti: mzazi asiye na nguvu tena anaishi kwa haki gani katika nyumba ya mtoto? Wakikutana likizoni Malaba, wangeweza kufundishana bila mwongozo wowote.

Tendo la Pili, onyesho la nne, ni mahali pa kukaa muda mrefu. Goneril amekwisha kumtaka baba apunguze askari wake mia kuwa hamsini. Lear amekimbilia kwa Regan, na Regan anasema ishirini na watano wanatosha. Lear anamgeukia Goneril na kumwambia atarudi kwake, kwa sababu hamsini ni mara mbili ya ishirini na tano, basi upendo wake ni mara mbili ya wa mwenzake. Mwanafunzi asiruke sentensi hiyo. Mzee huyu amefukuza mtoto, amedharauliwa, anakaribia kulala nje, na bado anahesabu mapenzi kama alivyoyahesabu siku ya ramani. Binti wanaendelea kushuka: kumi, watano, kisha Regan anauliza hata mmoja ni wa nini. Kipimo alichokileta Lear ndicho wanachomrudishia, tarakimu kwa tarakimu. Ukitaka kuandika juu ya tabia ya Goneril na Regan, andika kutokana na mnada huu wa kushuka. Utaona pia jambo ambalo orodha ya sifa haiwezi kukupa: Goneril ana hoja. Askari mia moja wenye kelele katika nyumba ya mtu ni mzigo kweli, na nchi yenye mtawala mpya haiwezi kukaa na mzee mwenye jeshi lake dogo anayetoa amri jikoni. Ubaya wake mkubwa unakuja baadaye, na unakua hatua kwa hatua.

Hapa atajitokeza mtu aseme: basi mwongozo una haki, asingegawa mapema yasingemkuta. Jibu limo ndani ya tamthilia yenyewe, katika hadithi ya pili ya Gloucester, ambayo wanafunzi huiona kama nyongeza ya kuchosha. Gloucester hajagawa kitu. Ana wana wawili, Edgar wa ndoa na Edmund wa nje ya ndoa, na ardhi yote bado ni yake. Edmund, asiyetarajia kurithi, anaghushi barua na kusingizia ni ya Edgar. Barua hiyo inalalamika kwamba wazee wanaishikilia mali mpaka vijana wanazeeka bila kuifaidi, na Edmund anaongeza kwamba ndugu yake huamini baba aliyezeeka anapaswa kuwa chini ya uangalizi wa mwana na mwana ndiye asimamie mapato. Gloucester anaamini uongo huo mara moja kwa sababu ni hofu aliyokuwa nayo tayari. Anamfukuza mwana mwema, anamkumbatia msaliti, na mwishowe anang'olewa macho yote mawili ndani ya nyumba yake mwenyewe. Shakespeare amewaweka wazee wawili bega kwa bega, mmoja aliyegawa mapema na mwingine aliyeshikilia, na wote wakaangamia. Angetaka kutufundisha tusigawe mapema, asingemleta Gloucester. Kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja aliruhusu karatasi, ramani kwa huyu na barua kwa yule, imsemee mtoto ambaye angeweza kumtazama usoni.

Halafu inakuja dhoruba, na neno la mgawanyo linarudi likiwa na sura nyingine. Lear, akiwa ameloa mvua mlangoni pa kibanda, anawafikiria maskini wote wasio na paa wala nguo usiku ule, na anakiri kwamba alipokuwa mfalme hakuwajali. Anawaambia wenye nacho wajiweke mahali pa wanyonge ili waone kilichowazidi na kukitikisa kiwaangukie wengine. Katika Tendo la Nne, Gloucester kipofu anampa mfuko wake wa fedha kijana anayedhani ni mwendawazimu, kumbe ni Edgar mwanawe, na anasema ugawaji unatakiwa kuondoa ziada ili kila mtu apate cha kumtosha. Wazee hao hawakupanga pamoja waseme hivyo. Walianza na mgawanyo wa vyeo na mipaka, na baada ya kunyang'anywa kila kitu wakafika kwenye mgawanyo wa chakula na blanketi. Huo ndio uti wa mgongo wa tamthilia, na mwanafunzi akiushika anaweza kujibu swali lolote la maudhui bila kukariri orodha ya mtu.

Je, mpaka wenyewe unaingia wapi? Tarehe 1 Aprili 1902 Uingereza ililiondoa Jimbo la Mashariki katika Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwezi Desemba 1901, na watawala walitaka njia yote iwe chini ya mkono mmoja. Mpaka uliokuwa huko karibu na Naivasha ukasukumwa magharibi, na mstari wa leo, unaofuata mto Sio kwa sehemu na mto Malaba kwa sehemu, ukawaacha Wateso na Wasamia wakiwa wa pande zote mbili. Mjini Busia, mtaa wa Sofia upande wa Uganda na Marachi upande wa Kenya vinakaribiana kiasi kwamba mtu huvuka kwa miguu kununua unga. Mgawanyo mwingine umeendelea ndani ya nchi. Wilaya ya Busia ya Uganda ilikatwa kutoka Tororo mwaka 1997, na Tororo iliyobaki imekaa kwa zaidi ya miaka 15 katika ubishi kati ya viongozi wa Wateso na wa Jopadhola juu ya kuigawa tena, hasa mji wenyewe uende upande gani. Watu wa hapa wanajua kwamba penye ramani mezani kila mtu hupata maneno mazuri ya kusema.

Kulinganisha huku kuna kikomo, na nakitaja kabla msomaji hajanikamata. Waliochora mstari wa 1902 hawakuwa baba wa yeyote, na hawakumwuliza Mteso wala Msamia anampenda nani. Lear alitoa kilichokuwa chake, wao walitoa cha watu. Ila hata kwa Shakespeare ramani ilikuwa siasa ya siku zile kabla ya kuwa jambo la familia. Mwaka 1603 James, mfalme wa Uskoti, alirithi pia kiti cha Uingereza, akawa anahimiza nchi hizo mbili ziungane. King Lear ilichezwa mbele yake tarehe 26 Desemba 1606. Wakwe wawili wa Lear wanaitwa Albany na Cornwall, na wana wa James walikuwa na vyeo hivyohivyo: Henry wa Cornwall, Charles wa Albany. Mfalme aliyeketi kuangalia usiku ule alikuwa anaonyeshwa nchi ikikatwa, na majina ya watoto wake yakiwa juu ya vipande. Kuisoma tamthilia hii kwa macho ya mtu wa mpakani kunaanzia pale alipoanzia mwandishi.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaouliza kwa nini tuhangaike na Mwingereza wa miaka mia nne iliyopita, ambaye lugha yake inawatoa jasho hata Waingereza, ilhali tuna waandishi wetu. Pingamizi hilo lina historia ya heshima. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe. Lakini walichodai ni Afrika iwe katikati na fasihi nyingine zipangwe kwa kutazamwa kutoka hapo. Hawakudai zichomwe. Kumsoma Lear kwa kumweka mbele ya desturi za Wasamia na tamthilia ya Arege ni kutii dai hilo. Na kuhusu lugha, hadithi ya Lear si mgeni kwetu. Askofu Edward Steere aliichapisha kwa Kiswahili Zanzibar mwaka 1867 katika kijitabu cha Hadithi za Kiingereza, miaka 35 kabla ya mpaka wa Busia kuwepo. Mwalimu Nyerere akatafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na S. S. Mushi akatafsiri Macbeth mwaka 1968. Mwalimu wa Tororo hapaswi kuona haya kuwaacha wanafunzi waigize onyesho la ramani kwa Kiswahili, kwa Ateso au kwa Dhopadhola kwanza, kisha warudi kwenye Kiingereza cha Shakespeare wakijua tayari nani anamdanganya nani.

Wapo watakaosema mtihani hauna muda wa haya. Naona ni kinyume. Swali la dondoo, ambalo watahini wa pande zote mbili wanalipenda, humpa mtahiniwa mistari michache na kumtaka aeleze muktadha, wasemaji na umuhimu wake katika kazi nzima. Aliyekariri sifa sita za Regan atakwama akipewa mistari kumi ya mnada wa askari, kwa sababu pale Regan hana sifa sita, ana tarakimu moja na dada wa kumsaidia. Aliyefuata mgawanyo tangu ramani atajua mistari hiyo imetoka wapi na inaelekea wapi.

Limebaki swali la kifo cha Cordelia. Tamthilia ya zamani ambayo Shakespeare aliitumia ilimrudisha Lear kwenye kiti chake, na binti yake hakufa. Shakespeare akaubadili mwisho huo, na watu hawakumsamehe. Mwaka 1681 Nahum Tate aliiandika upya, Cordelia akaolewa na Edgar, na ni toleo lake lililotawala jukwaa la Uingereza kwa zaidi ya karne moja. Samuel Johnson alisema kifo hicho kilimwumiza kiasi kwamba kwa miaka mingi hakuweza kukisoma tena. Wanafunzi huuliza kosa la Cordelia ni lipi, na wengine husema ni ukaidi wake. Mimi sioni kosa linalostahili kamba. Naona Shakespeare anakataa kutuambia kwamba toba ya aliyegawa inarudisha kilichogawanywa. Lear amepiga magoti kwa binti yake na kuomba radhi, na ni radhi ya kweli, lakini nchi ina majeshi mawili sasa, amri ya kunyonga imekwisha kutiwa saini na Edmund, na anapojuta dakika za mwisho mjumbe anachelewa. Mistari kwenye ramani ina ukaidi huo. Idi Amin alipodai mwezi Februari 1976 kwamba eneo kubwa la magharibi mwa Kenya ni la Uganda, alipata maandamano na hasira, na mpaka ukabaki ulipo, kama Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulivyokuwa umekubaliana Cairo mwaka 1964.

Katika kurasa za mwisho Albany, aliyebaki na mamlaka, anawaambia Kent na Edgar watawale nchi pamoja. Ni mgawanyo mwingine tena, wa watu wawili safari hii, maiti zikiwa bado zimelala jukwaani. Kent anakataa. Edgar halijibu ombi hilo moja kwa moja, na maneno ya kufunga yana wenyewe wawili: katika chapa ya 1608 anayasema Albany, katika chapa ya 1623 anayasema Edgar. Matoleo mengi ya shuleni humpa Edgar. Mwalimu anayetafuta mjadala wa saa nzima aanzie hapo, awaulize wanafunzi nani anachukua nchi hiyo, na kwa nini Kent, mtu aliyeuona mgawanyo wa kwanza kwa macho yake, hataki fungu katika huu wa pili.